PlayStation Inaposumbua: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushika Siki na Alkoli

Katika PlayStation 2 na PlayStation 3 zinazoendelea kuchezwa majumbani na katika vyumba vya michezo vya kulipia hapa Goma, kuanzia Birere hadi Ndosho, malalamiko ni yaleyale: mashine haiwaki, diski haisomwi, maneti (pedi ya kuchezea yenye vitufe) inacheza yenyewe, joto linazidi, kadi ya kumbukumbu haitambuliki. Mashine hizi si changa. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000 na PlayStation 3 mwaka 2006, na nyingi zilifika kwetu zikiwa zimekwisha kutumika katika nchi nyingine. Bado zinatengenezeka, na sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanyika nyumbani kwa bisibisi, kipimo cha umeme, na vitu vinavyopatikana jikoni au famasi.

Hata hivyo, mashine nyingi zinazofika kwa fundi zikiwa hazina tena tiba hazikuharibiwa na hitilafu ya kwanza, bali na kile kilichomiminwa ndani yake baadaye. Mtu amesikia kwamba siki husafisha, basi anaimwaga. Mwingine amesikia habari za alkoli, naye anaisugulia kila mahali. Kila uchafu una kinachouyeyusha. Sukari ya soda huyeyuka katika maji, lakini katika alkoli karibu haiyeyuki kabisa. Mafuta na masizi ya jiko la makaa huondolewa na alkoli au sabuni ya vyombo, wala maji matupu hayayawezi. Ukoko mweupe unaotoka katika betri ndogo za alkali ni besi, kwa hiyo huzimwa na asidi dhaifu kama siki au maji ya ndimu. Asidi iliyomwagika kutoka betri ya gari au ya sola huzimwa na bikaboneti, ile poda ya kuumulia keki. Wanaochanganya siki na bikaboneti katika kikombe kimoja wakidhani watapata dawa yenye nguvu maradufu wanajipunja, kwa sababu viwili hivyo huzimana, na baada ya povu kwisha hubaki maji yenye chumvi. Mchanganyiko huo ukifungiwa ndani ya chupa, gesi yake inaweza kuipasua.

Mambo yasiyojadiliwa

Chomoa waya wa umeme ukutani kabla ya kufungua chochote. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Ndani ya kisanduku cha umeme cha PlayStation 2 nene na cha PlayStation 3, umeme wa volti 220 hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu (DC) unaozidi volti 300, na kapasita kubwa inaweza kuushikilia hata baada ya waya kuchomolewa. Kisanduku hicho hakifunguliwi na mtu anayejifunza, hata kama mashine imekaa bila umeme.

Maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, hayana kazi yoyote ndani ya mashine kwa kuwa hula madini. Yakichanganywa na siki au ndimu hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Yakichanganywa na dawa za kusafishia zenye amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu, na hayafai kukutana na alkoli pia. Ikiwa umekwisha kuyachanganya na unasikia harufu kali inayochoma pua, usikae kuchunguza: toka nje, fungua milango, na mtu anayekohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali mara moja.

Dalili ya kwanza: mashine haiwaki kabisa

Anza na vya nje, kwa kuwa ndiko chanzo hupatikana mara nyingi. Jaribu tundu jingine la ukutani, achana na rallonge (waya wa kurefusha umeme), kisha utumie waya mwingine unaofanana. Rallonge za bei nafuu hulegea ndani, na sehemu iliyolegea huacha alama ya kahawia ya kuungua kwenye plastiki. Ukiiona alama hiyo, rallonge haitengenezwi, inatupwa.

Kama waya ni mzima, geuza mashine usome kibandiko cha chini. Umeme wetu ni wa volti 220, na mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huandikwa volti 100, zile za Marekani volti 120. Kwenye PlayStation 2 namba ya modeli inasaidia: ikiishia na 0, kama SCPH-39000, ni ya Japani; ikiishia na 1 ni ya Amerika Kaskazini; ikiishia na 4 ni ya Ulaya. Mashine ya volti 100 iliyochomekwa moja kwa moja kwenye 220 hupata mshtuko, na kwa bahati nzuri hukata fyuzi tu. Kwa bahati mbaya huchoma vipande vya kisanduku cha umeme. Mwenye mashine ya aina hiyo anahitaji transfoma ya kushusha umeme inayobeba wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko.

PlayStation 2 nyembamba za kwanza, zilizoanza mwaka 2004, zina adapta ya nje yenye volti 8.5. Ipime kwa kipimo cha umeme kwenye mkondo mnyoofu. Ikionyesha sifuri, adapta imekufa. Ikionyesha namba iliyo sawa lakini mashine inawaka na kuzima papo hapo, huenda adapta ni ya kuiga na haiwezi kutoa ampea zinazohitajika. Usitumie adapta ya rauta au ya taa ya volti 12 kwa sababu tu plagi yake inaingia.

Kisababishi kinachofuata ni umeme unaorudi. Baada ya umeme kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo, ukipanda na kushuka kabla ya kutulia. Chomoa mashine umeme unapokatika, na baada ya taa kurudi subiri hadi uone mwanga wake hauchezi. Kidhibiti cha volti kinasaidia, ila kile cha bei ya chini kinachotoa sauti ya kukwaruza kila sekunde ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoishia. Fyuzi iliyokatika ndani ya kisanduku cha umeme inabadilishwa na fundi, na inawekwa nyingine ya ampea zilezile. Kuna wanaoweka waya wa shaba au karatasi ya sigara yenye madini mahali pa fyuzi. Mashine itawaka, kweli, lakini siku hitilafu itakaporudi kitakachoungua si fyuzi tena bali nyumba.

Dalili ya pili: inawaka, inapata joto, kisha inazima

Goma ina vumbi la aina yake. Barabara nyingi na viwanja vyetu vimekaa juu ya mawe ya lava, pamoja na ile iliyopita katikati ya mji Januari 2002, na magari huyasaga mawe hayo kuwa unga mweusi unaoingia kila mahali. Chukua kidogo kutoka kwenye feni, ukiweke chini ya lenzi ya kukuzia, utaona chembe zenye kingo kali zinazometa kidogo, maana ni mwamba wa volkano na kioo chake. Vumbi hili likikutana na moshi wenye mafuta wa jikoni hugandamana kuwa blanketi kati ya mapezi ya kupoozea, na hapo feni hupiga kelele bila kupeleka hewa.

Kwa hiyo kisababishi cha kwanza cha joto ni vumbi, na kipimo chake ni rahisi: weka kiganja nyuma ya mashine inapofanya kazi. Hewa ikiwa dhaifu huku feni ikivuma, njia imeziba. Fungua, ondoa vumbi kwa brashi laini na pampu ya baiskeli, ukiwa umeshika feni kwa kijiti isizunguke, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye bodi. Kompresa za wanaojaza upepo matairi kando ya barabara zina nguvu, lakini hutema matone ya maji na mafuta, usizitumie.

Angalia pia mende. Hupenda joto la PlayStation 3, na kinyesi chao hula njia nyembamba za shaba kwenye bodi. Madoa yake ya kahawia husafishwa kwa kijiti cha pamba chenye alkoli ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, basi ukiitumia acha bodi ikauke siku nzima mahali pakavu.

Baada ya vumbi huja dawa ya kupitisha joto iliyokauka kati ya chipu na mapezi. Ikiwa imegeuka unga mgumu, futa yote kwa alkoli na uweke mpya, kiasi cha punje moja ya mahindi katikati ya chipu. Dawa ya meno, ambayo wengi huiweka mahali pake, hupooza kwa muda mfupi kwa sababu ina maji. Maji yakikauka hubaki chokaa inayozuia joto, na chipu inaumia kimyakimya.

Kwenye PlayStation 3, taa inayomweka haraka nyekundu na kijani inasema joto limezidi, na mashine inaweza kuokolewa kwa usafi huo. Taa ikiwa ya njano kwa sekunde moja kisha nyekundu inayomweka, pamoja na milio mitatu mifupi, jambo ni zito zaidi. Katika modeli nene za mwanzo, visababishi vinavyojulikana ni kapasita bapa zilizo karibu na chipu kubwa kuchoka, na lehemu ya chini ya chipu kupasuka. Hapa wengi huivika mashine blanketi ili ijipashe, au kuingiza bodi katika oveni. Tafadhali usifanye hivyo. Lehemu isiyo na risasi iliyotumika humo huyeyuka karibu na nyuzi 217 za Selsiasi, na oveni ya nyumbani haiwezi kufika hapo kwa usawa bila kuharibu plastiki na kapasita. Mashine ikiamka hulala tena baada ya muda mfupi, na oveni iliyofukiza bodi haifai tena kuokea mkate wa watoto. Peleka kwa fundi mwenye mashine ya hewa ya moto, na umweleze kila kitu ulichokwisha kupaka, kwa sababu alama za siki na za dawa ya meno humpotezea muda mwingi akitafuta chanzo.

Dalili ya tatu: diski haisomwi

Kwanza angalia diski, kwa kuwa ndiyo inayoteseka zaidi. Mikwaruzo ya upande wa chini unaong'aa inaweza kupunguzwa kwa dawa nyeupe ya meno, isiyo ya jeli. Sugua kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe, kisha usuuze kwa maji safi na kukausha. Dawa ya meno inalainisha kingo za mkwaruzo kwenye plastiki, lakini haijazi shimo lenyewe. Mkwaruzo wa upande wa picha kwenye CD ni msiba, kwa sababu data iko karibu kabisa na upande huo. Ukiona mwanga unapenya, diski hiyo imekwisha. DVD ina data katikati ya unene wake na huvumilia zaidi.

Kisha fanya kipimo ambacho wengi hawakijui. PlayStation 2 hutumia miale miwili tofauti ya leza, mmoja kwa CD na mwingine kwa DVD. Michezo ya CD ina rangi ya buluu upande wa chini, ya DVD ni ya fedha. Ikisoma za fedha na kukataa za buluu, au kinyume chake, mota na reli kwa kawaida ni nzima, na tatizo liko kwenye mwale mmoja au marekebisho yake. Ikikataa zote, shuku uchafu wa lenzi kwanza.

Lenzi ni ya plastiki. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huiyeyusha papo hapo, na siki huiachia utando. Puliza vumbi kwanza kwa pampu, maana ukifuta kavu zile chembe za lava zitaichora. Baada ya hapo gusa kwa kijiti cha pamba chenye tone moja la alkoli safi, bila kukandamiza, ukianzia katikati. Mashine isiwashwe ikiwa wazi mbele ya macho yako: mwale wa CD hauonekani, na jicho haliwezi kujikinga na kisichoonekana.

Kama lenzi ni safi na bado mashine inahangaika, hasa ikitoa mlio wa kugonga, angalia reli. Grisi ya kiwandani hugeuka nta na kunasa vumbi. Iondoe kwa alkoli na uweke grisi nyeupe ya lithiamu kidogo sana. Mafuta ya mawese, ya alizeti au ya cherehani hayafai. Yale ya kupikia huganda kuwa gundi yakikutana na hewa na joto.

Mwisho kabisa ni jicho la leza lililochoka. Baadhi ya mafundi huongeza nguvu yake kwa kugeuza skrubu ndogo ya pembeni. Inaweza kusaidia kwa muda, ila hufupisha maisha ya leza, na ukigeuza bila kupima unaiua. Kununua jicho zima na kulibadilisha ni salama zaidi.

Dalili ya nne: vitufe vya maneti vinanasa au vinajibonyeza

Soda iliyomwagika ndiyo chanzo kikuu, na ndipo kosa la alkoli hufanyika. Alkoli haiyeyushi sukari, kwa hiyo anayesugua kwa alkoli peke yake huisambaza sukari hadi pembeni, ikakauka upya. Fungua maneti, toa betri kama ipo, osha plastiki na mipira yake kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Bodi iguswe kwa pamba yenye maji yaliyotoneshwa hadi isinate tena, ndipo ufuate na alkoli ili ifukuze maji.

Jihadhari unaponunua maji yaliyotoneshwa kwa wauza betri, kwani maji safi na asidi ya betri huuzwa meza moja, katika chupa zinazofanana, na mara nyingi yote huitwa maji ya betri. Mimina matone machache juu ya bikaboneti ndani ya kisahani: yakitoa povu, ni asidi, na hayapaswi kukaribia bodi wala ngozi yako.

Kama hakuna sukari, kwenye maneti ya DualShock 2 na 3, yaani zile za PlayStation 2 na 3, shuku utando wa plastiki wenye njia za umeme. Utando huo hushikizwa kwenye bodi kwa kipande cha sifongo, na sifongo ikilala, vitufe kadhaa hufa kwa pamoja au hujibonyeza vyenyewe. Kipande cha karatasi kilichokunjwa, kikiwekwa nyuma ya sifongo, hurudisha mgandamizo. Mipira myeusi yenye kaboni chini ya vitufe isisuguliwe kwa alkoli, maana kaboni itatoka. Ikiwa imekwisha kupauka, risasi laini ya penseli huirudishia uwezo wa kupitisha umeme kwa muda.

DualShock 3 isiyochaji mara nyingi haina ugonjwa. Haichaji kwenye chaja nyingi za simu. Iunganishe na PlayStation 3 iliyowashwa kabla ya kuilaumu betri.

Maneti na rimoti zenye betri za alkali zilizovuja husafishwa kwa pamba yenye siki kidogo juu ya ukoko mweupe hadi povu liishe, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha alkoli. Usiongeze chumvi kwenye siki, ingawa mchanganyiko huo hung'arisha shaba upesi, kwa sababu kloridi inayobaki hurudisha kutu ya kijani baada ya siku chache.

Betri ya lithiamu iliyovimba haitobolewi, haikandamizwi, wala haichajiwi tena. Iweke juu ya mawe au katika chombo cha mchanga nje ya nyumba, mbali na watoto, na uitoe kwa fundi anayezipokea.

Dalili ya tano: kadi ya kumbukumbu na programu za kuongezea

Kadi isiyotambuliwa husuguliwa meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha alkoli. Saa inayosahau tarehe kila umeme ukikatika inahitaji betri ya CR2032 tu.

Wanaotumia kadi yenye programu ya Free McBoot ili kuanzisha programu zao wenyewe, au nakala za diski wanazozimiliki, mara nyingi hulalamika kwamba mashine inaingia kwenye menyu ya kawaida. Baada ya meno machafu, kisababishi ni modeli: PlayStation 2 za mwisho za SCPH-90000 zenye toleo jipya la ndani haziikubali kadi hiyo, na hakuna usafi utakaobadilisha jambo hilo. Michezo inayoendeshwa kutoka flashi ya USB hukwamakwama kwenye video kwa sababu tundu la mashine ni la USB 1.1, ambalo ni polepole mno kwa kazi hiyo; flashi ya bei ghali haileti tofauti. Mchezo ukigoma kuanza, shuku kwanza kwamba faili lake limekatika vipande kwenye flashi. Fomati upya kwa FAT32 na unakili mchezo mmoja mmoja, bila kufuta na kuongeza katikati.

Kulehemu chipu ya kuongezea ndani ya PlayStation 2 ni kazi ya nyaya nyembamba nyingi kwenye nukta ndogo kuliko kichwa cha pini. Asiyekuwa na chuma cha ncha ndogo, lenzi ya kukuzia na kolofani safi (utomvu mkavu wa kulehemia) aiache. Aspirini na maji ya ndimu, ambavyo baadhi ya watu hutumia badala ya kolofani, huacha asidi chini ya lehemu. Moshi wa aspirini unachoma koo, na bodi huanza kuliwa kutoka chini ambako pamba haifiki.